Mbuzi Yuko Jikoni: Namna ya Kuandika Riwaya ya Watoto Inayotisha na Kuchekesha

Mtoto wa Mombasa hutishwa bure kila siku, tena na watu wanaompenda. Magharibi ikiingia huitwa ndani. Usiku haruhusiwi kupiga mbinja, wala kufagia, wala kutumwa dukani kununua sindano. Akimwaga maji ya moto uani bila kupiga bismillahi, nyanya yake hukunja uso kana kwamba kuna mtu kaunguzwa. Akiuliza kwa nini, jibu ni moja: "Nyamaza."

Kwa hiyo ukitaka kuandika riwaya ya ajabu ya kuwaogofya watoto wa miaka tisa hadi kumi na mbili na kuwavunja mbavu kwa pamoja, huna haja ya kuagiza kasri lenye theluji na popo. Mali unayo nyumbani. Nimeshaandika muswada mmoja mbovu na wa pili uko ukingoni, na haya ninayokupa mengi yametoka kwenye ule mbovu.

Hatua ya kwanza: tafuta katazo kabla hujatafuta zimwi

Chukua daftari, ukae barazani na wakubwa zako, uwaulize walikatazwa nini walipokuwa wadogo. Andika katazo lenyewe tu. Wakikupa sababu, isikilize kwa heshima lakini usiiandike, kwa sababu riwaya yako inakaa palepale ambapo sababu haikutolewa.

Nyanya yangu alikuwa na lake ambalo sijalisikia kwingine: mbuzi ya kukunia nazi ilazwe ubavu kabla ya magharibi, isiachwe imesimama. Nilipomuuliza kama inaogopewa isije ikatembea, alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Katazo zuri lina mambo mawili: linavunjika kwa urahisi, na likivunjika yuko anayefaidika. Jaribio langu la kwanza halikuwa na la pili. Niliwaza kuhusu zile pembe kubwa za tembo, za alumini, za Moi Avenue hapa Mombasa, nikajiambia: pembe zimepandwa pale miaka yote, na wenyewe je? Nikaandika tembo wawili wanaokuja usiku kudai pembe zao, na askari wa zamu anawaambia walete hati ya umiliki. Watoto walicheka sana. Baada ya kurasa kumi wakaenda kucheza mpira. Tembo wale hawakuwa wakimtaka mtoto yeyote kitu chochote, na mtoto asiyedaiwa kitu haogopi.

Hatua ya pili: mpe zimwi kazi

Kila mtu mjini anaijua hadithi ya mwanamke mrembo aliyesimamisha teksi usiku, kavaa buibui, ananukia asmini na udi, na dereva alipoinamisha macho akaona kwato. Hadithi huishia hapo, dereva akikimbia. Hakuna aliyewahi kuuliza yule mwanamke alikuwa akienda wapi.

Mimi nimeamua alikuwa akienda kukusanya kodi. Bi Kwato ni mwenye nyumba, ana majumba matatu Mji wa Kale, moja liko nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Kodi yake hailipwi pesa, hulipwa vivuli. Ni mtu wa haki. Hutoa risiti: "Imepokewa: kivuli kimoja, cha mtoto, kimechakaa kidogo upande wa kushoto kwa kuburutwa ukutani."

Kicheko na woga vitoke mahali pamoja. Ukiandika sura ya kutisha, kisha ukamleta mjomba mnene aanguke ili watoto wapumue, umeandika vitabu viwili vinavyogombania jalada moja. Ile risiti inachekesha kwa sababu imeandikwa vizuri, na inatisha kwa sababu hiyohiyo. Wahenga walishalijua hili waliposema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mwambie mtoto methali hiyo, atakuuliza papo hapo: "Kwa hivyo linabakisha nini?" Keti uandike jibu.

Zimwi liwe na masharti, na lenyewe liyafuate. Zimwi linaloweza lolote huchosha, kwa sababu mtoto hana la kupanga. Bi Kwato ana masharti matatu: haingii bila kukaribishwa, hachukui kisichoandikwa kwenye mkataba, na hukusanya mara mbili tu kwa mwaka. La tatu sikulizua kutoka hewani. Mombasa iko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba. Siku hizo, mwezi wa Machi yapata saa sita na nusu mchana, ule wa Oktoba mapema kidogo, ukisimika fimbo wima uani haina kivuli. Jaribu na watoto. Wataruka, watajikagua miguu, watacheka. Kisha uwaambie kwamba vivuli havikupotea, vimekusanywa, na vingi hurudishwa. Hapo ndipo utamsikia mmoja akiuliza, "Vingi?"

Na utaona faida nyingine: kioja chako kinatokea saa sita za mchana, juani. Usiku kila mtoto ameshajiandaa. Mchana hana shuka la kujifunika.

Hatua ya tatu: tisha kwa sarufi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo Kiswahili kinapokupa silaha nyingi ambazo waandishi wengi wanazo na hawazitumii.

Soma hii kwa sauti (Mishi ndiye mtoto wa riwaya yangu): "Bi Kwato alibisha hodi mara tatu, kama mtu mwenye adabu zake. Mishi akamfungulia mlango. Likaingia."

Hakuna damu wala jino. Kilichobadilika ni kiambishi kimoja. Aliyebisha alikuwa "a", aliyeingia ni "li", na mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili hulisikia badiliko lile mgongoni kabla halijafika kichwani. 

Sasa igeuze. Mbuzi ya kukunia nazi ni kitu: mbuzi hii, imelazwa, iko jikoni. Mbuzi wa kufugwa ni mnyama: mbuzi huyu, amelala, yuko jikoni. Neno ni moja, na hilo peke yake ni zawadi. Kwenye sura yangu ya pili Mishi anasahau kulaza mbuzi. Anageuka kuchukua ungo. "Mbuzi ilikuwa karibu na jiko, ulimi wake wa chuma ukielekea ukutani. Mishi aliupuliza moto, akainua macho. Mbuzi alikuwa karibu na mlango." Nilipowasomea watoto wa dada yangu, yule wa miaka saba alinikatiza: "Mjomba, umekosea, sema ilikuwa!" Dada yake akamfinya paja, akamnong'oneza, "Hajakosea." Kimya, ji!

Tahadhari mbili. Kwanza, usiitumie ovyo. Mara tatu au nne kwa kitabu kizima zinatosha, la sivyo mtoto ataona ni makosa ya uchapaji. Pili, andika ukurasa mmoja wa maelezo kwa mhariri. Mimi sikuandika. Nilirudishiwa muswada ambao kila "li" iliyonigharimu usiku mzima imesahihishwa kuwa "a" kwa wino mwekundu, na pembeni imeandikwa "upatanisho!" na alama ya mshangao. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaona alama ile ya mshangao ingeweza kuwa ya Bi Kwato mwenyewe, nikaiingiza hadithini: naye anachukia kuitwa kwa kiambishi kisicho chake. Udogo ndio unaomuuma hasa. Kombo, nduguye Mishi, anagundua kwa bahati: "Kimefika tena, hicho." Bi Kwato anapungua futi moja palepale mlangoni. Yaani jitu limekuwa kijitu, na watoto hushika matumbo kwa kicheko, kwa sababu wao wenyewe wameitwa "kitoto hiki" maisha yao yote na wanajua uchungu wake.

Maneno yenye sura mbili nayo yachume. Nimejiwekea sharti kwamba neno "jini" halitatamkwa hata mara moja kitabuni, lakini hadithi ya kisiwani haiwezi kukosa "majini". Mama anaonya, "Usiende majini peke yako." Kombo ni mtiifu, anamchukua rafiki. Paka wa jirani akifa, wanaambiwa kaenda peponi, na Kombo anataka kujua ni kwa pepo yupi. Usieleze mzaha. Asiyeupata leo ataupata mwakani akiwa bafuni.

Tanakali za sauti zitumie kama chumvi. Giza totoro na kulala fofofo zimezoeleka mno, haziamshi mtu. Zua yako. Kwato za Bi Kwato juu ya sakafu ya saruji nimeziandika "ko-ta, ko-ta", na ngazini, kwenye mbao, "bo-ta, bo-ta". Kuanzia sura ya tano siandiki tena kuwa anakuja. Naandika sauti tu, na mtoto anajua yuko ghorofa gani.

Na usisahau wimbo. Ngano zetu zina kijiwimbo kinachorudi, na kila kinaporudi hali imeharibika zaidi. Changu ni kifupi:

Bi Kwato, kodi lini?
Kodi leo, si kesho.

Mara ya pili "leo" inakuwa "sasa". Mara ya tatu hakuna anayejibu mstari wa pili, na watoto unaowasomea hujikuta wameujibu wao.

Hatua ya nne: mtoto na wakubwa wake

Mtoto wako awe na kosa. Mishi ana miaka kumi na ni mwongo hodari, mwongo wa kazi, wa kudanganya kondakta kwamba Kombo hajafika miaka mitano. Uongo huohuo ndio utakaomsaidia kusoma mkataba wa Bi Kwato na kuuona uongo wake. Mtoto mwema tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho ni wa vitabu vya shule, na hata huko hapendwi.

Wakubwa ni kazi ngumu zaidi. Wepesi ni kuwafanya wajinga, lakini watoto wetu hawaamini mzazi mjinga, wanaamini mzazi mwenye shughuli. Baba yao Mishi si mbaya. Alihitaji nyumba, akaambiwa hakuna amana ya pesa, akaona bahati, akatia sahihi bila kusoma aya ya saba: "Vivuli vya wategemezi vitahesabiwa kuwa sehemu ya samani." Mtoto akigundua kwamba baba yake amemweka rehani bila kujua, hapo unamshika roho kuliko zimwi lolote. Mwache baba apike chai ya iliki, amsikilize mwanawe, asielewe.

Adabu iwepo hata kwenye janga. Mishi anamwamkia Bi Kwato shikamoo. Bi Kwato anaitikia marahaba, anamuuliza hali ya shule, kisha anafungua kitabu chake cha kodi. Akiwa mkali tangu mlangoni atakuwa mhuni tu, na wahuni hawamwogopeshi mtoto wa mjini.

Hatua ya tano: ya kutoguswa

Usimpe zimwi lako mvi na macho mekundu. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu ya mvi zao tu. Mtoto anayefunga kitabu chako na kumtazama nyanya wa jirani kwa jicho lingine umemharibu wewe. Ndiyo maana Bi Kwato wangu ni kijana, kucha zimepakwa hina, mkoba wake ghali.

Feri ni mahali pazuri mno pa kutisha, umati ule, mlango wa chuma unaoshuka, maji meusi chini. Itumie kwa uangalifu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka kwenye kivuko cha Mtongwe, hapa Mombasa, wakafa watu 272, na wako wasomaji wako ambao hawakumjua babu kwa sababu ya siku ile. Sura yangu ya feri ni ya vivuli vinavyovuka bila wenyewe, hakuna anayezama.

Aya za Kurani na dua za kweli usizitie kwenye vinywa vya vichekesho. Wazazi wengi hapa wanaamini viumbe hivyo vipo, na si kazi yako kuwabishia wala kuwafanyia mzaha. Kwa sababu hiyohiyo sigusi Mnara wa Mbaraki, ambako watu huenda na haja zao za kweli. Na Ngome Yesu? Ilianza kujengwa mwaka 1593, ikazingirwa kuanzia 1696 hadi 1698, na walioko ndani wakafa kwa njaa na maradhi. Inatisha, naam, ila kila mgeni anayetaka mzimu wa Mombasa huelekea huko moja kwa moja. Mwachie.

Hatua ya sita: urefu, na makaratasi

Kwa umri huu maneno elfu ishirini na tano hadi thelathini yanatosha. Usijilinganishe na vitabu vya Kiingereza vya elfu hamsini: "hawatakurudishia" ni neno moja kwetu, kwao ni sentensi. Gawa sura za maneno elfu moja mia tano hivi. Ukisoma kwa sauti, polepole, maneno mia kwa dakika, ni robo saa, yaani muda wa mtoto aliyekwisha kupiga mswaki. Kata sura kabla ya mlango kufunguliwa, lakini si kila sura. Sura moja kati ya nne iishie kwa amani, ili zile nyingine zisizoeleke.

Makaratasi tuyamalize upesi. Hakimiliki nchini Kenya huandikishwa KECOBO, bodi ya hakimiliki, na namba ya ISBN hutolewa na huduma ya maktaba ya taifa, KNLS. Ukitaka kitabu kiingie madarasani lazima kipite KICD, taasisi ya mitaala, na hapo ujiandae kuulizwa kinafunza maadili gani. Jibu ninaloliandaa ni: kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi.

Hatua ya saba: soma mbele ya miguu

Muswada usiupeleke popote kabla hujausoma kwa watoto watatu walioketi kitandani. Watatu, kwa sababu mmoja akiwa peke yake atakuheshimu, wakiwa wawili watachekeana, wa tatu ndiye atakayesema ukweli. Anza kwa "Paukwa?" uwasikie wakiitikia "Pakawa!", wakae sawa. Kisha usiangalie nyuso. Nyuso hudanganya, hasa za wavulana wakubwa. Angalia miguu. Inayoning'inia chini ya kitanda haijaogopa bado. Ikipandishwa juu taratibu, mmoja baada ya mwingine, weka alama ya penseli kwenye mstari ule, usiuguse tena. Wakicheka ilhali miguu iko juu, umeshapata kitabu. Wakicheka na miguu ingali chini, una kichekesho tu, rudi hatua ya pili.

Sikiliza pia maswali ya kesho yake. Wakikuuliza "kisha ikawaje?", hadithi inakwenda. Wakikuuliza "je, mkataba ukichanika?", wameingia ndani yake na wanatafuta mlango, na wakati mwingine mlango wao ni bora kuliko wako. Mwisho wa kitabu changu niliuchukua kwa mpwa wangu wa miaka saba, yule wa "sema ilikuwa", na nimemlipa kashata kumi.

Asubuhi ya baada ya sura ya pili dada yangu hakuiona mbuzi jikoni. Ilipatikana nje uani, imelazwa ubavu, imefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo, na juu yake tofali. Hakuna mtoto aliyekubali kuifungua wala kuigusa, na mimi, nikiulizwa mbele yao, nilisema nina haraka. Tulikula wali wa tui la pakiti siku mbili.